Freni ya Moshi ya Nsanzimana

Mulumeoderhwa alipofuta masizi kwa kitambaa kilicholowa mazutu, yaani dizeli, aliona vitone vitatu kwenye chuma, akaacha kufuta.

Vilikuwa vya patasi yake mwenyewe. Hapa mtaani Ndosho wanaiba vipande vya gari hata likiwa limelala juu ya mawe, kwa hiyo kila fundi ana alama yake: mmoja msalaba, mwingine herufi. Yeye hupiga vitone vitatu, vimekaa kama mafiga. Hakuna mwingine mwenye mafiga.

"Kuna nini, papa mukwe?" Élisée aliuliza kutoka chini ya pikapu. Miguu yake tu ndiyo ilionekana.

"Hakuna. Legeza ile bomba."

Kitu chenyewe, freni ya moshi, si kikubwa. Ni kipande cha bomba, kifupi kama kopo, na ndani yake kuna sahani ya chuma inayogeuka, madereva wanaiita kipepeo. Ukivuta waya, kipepeo kinaziba njia ya moshi, injini inabanwa pumzi, na gari linashikwa na injini yake yenyewe. Pikapu ya Élisée, kuukuu, ya dizeli, haikuzaliwa na freni ya namna hiyo. Lakini freni zake za mguu zilikuwa zimechoka, na kutoka Masisi kuteremka Sake barabara ni kona juu ya kona. Huko juu, kwenye parokia, Victoire alikuwa anangoja. Ni binti wa fundi, mke wa Élisée. Alipanda kumuuguza mama mkwe wake, na vita vikamkuta huko pamoja na watoto wawili. Mabomu yalikuwa yanasikika kilima cha pili. Padri alisema kwa simu: leo njia iko wazi, kesho hajui.

Freni waliipata asubuhi ile mtaani Mabanga, kwa Henriette anayeuza vyuma vya kuokota. Mulumeoderhwa akaenda nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano, akampigia simu.

"Mama Henriette, ile freni ulitoa wapi?"

"Muzee, chuma haitembeake na karti ya uchaguzi."

"Nakuuliza vizuri. Ilikuwa kwa gari ya nani?"

"Kamyo ya Nsanzimana. Ile ilianguka kona ya tatu. Siku hizi unaogopa mapepo?"

Fundi akakata simu. Miaka minne imepita. Watu saba walikuwa wamekaa juu ya magunia ya maharage, na Nsanzimana kwenye usukani. Kwenye mazishi yao Mulumeoderhwa alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, na mjane wa Nsanzimana akaja kumshukuru kwa kufika. Hakumwambia kwamba freni ile aliifunga yeye, wiki mbili kabla. Hakuna aliyemuuliza. Tangu siku hiyo alikuwa hajafunga nyingine, na kila aliyeuliza sababu alijibiwa kwamba macho yamezeeka.

Akarudi, akakigeuza kile chuma kwenye mwanga. Kipepeo kilikuwa kimeganda. Kimeziba kabisa, hata kidole hakipiti.

Basi Nsanzimana aliuvuta waya. Aliuvuta, kipepeo kikafunga, na kamyo haikusimama. Kwa nini? Fundi aliipiga sahani kwa mpini wa nyundo, polepole, akiwaza. Nsanzimana akifika kileleni alikuwa anatoa vitesi, yaani gia, anaweka puamori, anaacha kamyo iteremke yenyewe ili asichome mazutu. Gari likiwa puamori, magurudumu hayashikani na injini. Ziba moshi upendavyo: utainyonga injini, na gari litaendelea na safari yake.

Au labda mvua za miaka minne ndizo zilizokifunga kipepeo. Kutu nayo inafunga.

Sahani ikalegea, ikageuka.

"Élisée. Wewe unashukaka na puamori?"

Miguu ikacheka kwanza. "Nani hashukake na puamori? Na hii shida ya mazutu?"

"Nsanzimana alikuwa anacheka vile vile."

Élisée akajikokota, akatoka chini na uso mweusi wa mafuta. Akatazama freni, akamtazama mkwe wake. "Ni yake?"

"Ni yangu. Mimi ndiye nilimufungia."

Barabarani familia ilikuwa inapita kuelekea Mugunga, godoro juu ya baiskeli, sufuria juu ya godoro. Élisée aliwaangalia mpaka wakapita wote.

"Tunafunga ama hatufungi?"

"Tunafunga. Lakini sikia. Ukiteremka, ukae vitesi ya pili. Injini itaimba, iache iimbe. Ukitaka kubadili, achilia waya, badili, vuta tena. Hapo mwimbo utakatika, na ile kazi ni ya kuhesabu moja, mbili, tatu. Ikipita tatu, nitajua uko puamori."

"Utajulia wapi?"

"Nakuja na wewe."

"Papa, mahali utakaa, mama yangu ndiye atalala hapo."

Walibishana huku wakikaza nati. Mwishowe walikubaliana kwamba muzee atashuka Sake, pale kilima kinapoanzia.

Saa tisa alasiri Mulumeoderhwa alikuwa bado amekaa hapo Sake juu ya jiwe, akimngoja Élisée, nati mbili zilizobaki zikisuguana mfukoni. Watu waliteremka na mbuzi, na watoto waliobeba watoto. Magari nayo yaliteremka, moja baada ya jingine, kimya, yote puamori, yakiacha harufu ya freni zilizoungua. Kila moja lilipopita alivua kofia bila kujua.

Halafu kutoka juu, nyuma ya migomba, injini ikaimba. Sauti nzito, ya mtu anayeimba mdomo umefumbwa. Ikapita kona ya kwanza. Ikapita ya pili. Mulumeoderhwa akasimama.

Kwenye kona ya tatu, ile ya Nsanzimana, sauti ikakatika.

"Moja," alisema. Mwanamke aliyekuwa anapita na kuku akamgeukia.

"Mbili."