Karatasi Mbili za Shamba Moja

Ephantus na Kabiru ni ndugu wa tumbo moja, lakini waliingia ofisini kwangu Nakuru kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Mmoja alikaa karibu na mlango, mwingine akasimama dirishani. Mama yao, Waithera, ndiye aliyenisalimu. Nikajua asubuhi yangu imeharibika.

Walikuwa wametoka Mau Narok, kwenye shamba lao. Kila mmoja alitaka mchoro wa ukuta wa mawe wa kumtenga na mwenzake, na kila mmoja alitaka karatasi yake.

"Madam, kwenye yangu usiweke upande wa huyo," Ephantus alisema.

Huyo alikuwa hapo hapo, anasikia.

Kazi yenyewe si ngumu. Mpimaji alishanitumia mchoro wa shamba zima. Naubandika chini ya mchoro wangu, nauwekea fremu, na kompyuta inaonyesha kilicho ndani ya fremu peke yake. Kilichobaki nje hakifutwi, kinafichwa tu. Nikafungua karatasi mbili kwenye skrini, nikaweka fremu ya kila mmoja, nikachora ukuta kwa mstari mwekundu. Nilikasirika, kusema kweli. Lakini mteja ni mteja.

Waithera akasogeza kiti mpaka kwenye skrini. "Na nyumba yangu iko wapi?"

Nyumba yake iko katikati ya shamba, na fremu zilikuwa zimeikata vipande viwili. Jiko lilikuwa kwa Ephantus, chumba cha kulala kwa Kabiru. Mama alitazama karatasi moja, akatazama nyingine.

"Kwa hivyo nitapika huku, halafu niruke ukuta nikalale huko?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilimhurumia mpaka nikashindwa kumtazama.

"Vuta kidogo," Ephantus alisema. "Nyumba ya mum ikae kwangu yote."

"Na kwangu pia," Kabiru akadakia. "Nani alikwambia mum ni wako peke yako?"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa kaka yake tangu waingie. Ya ugomvi, ndiyo, lakini niliyafurahia.

Nikashika kona za fremu, nikavuta. Nyumba ikatokea nzima kwenye karatasi zote mbili. Sasa Kabiru akaona njia yake ya kuingilia inaanzia hewani, maana geti liko upande wa Ephantus.

"Hapo pia, madam. Vuta nione geti."

Ephantus naye alikuwa akitafuta tangi linalonywesha ng'ombe wake. Liko kwa Kabiru. Alikohoa kwanza. "Ongeza kidogo. Tangi tu."

Baada ya tangi wakataka bomba, baada ya bomba stoo ya viazi waliyoijenga pamoja. Kila ombi lilikuwa la kidogo tu. Nilivuta bila kusema neno, nisije nikawakumbusha kwamba wamekosana.

Mwishowe wote wawili walikuwa wameinama nyuma ya kiti changu. Karatasi zilifanana kabisa, na kwenye kila moja ukuta mwekundu ulipita katikati ya nyumba ya Waithera.

"Hebu toa huo ukuta," Kabiru alisema.

"Niufiche au niufute?"

Waliangaliana.

"Ficha kwanza," Ephantus alisema. Kisha akamtazama mama yake, ambaye bado alikuwa ameikodolea macho ile picha ya nyumba yake. "Hapana. Futa."

"Na u-print moja tu," Kabiru aliniambia. "Itakaa kwa mum."