Anikeni Karatasi Zenu

Mwalimu wa chekechea alikuwa amekata shauri: safari hii watoto hawatakariri habari za jua, wataona kazi yake kwa macho yao. Mwalimu Mkuu, mama wa makamo asiyependa vumbi wala kelele, alimpa nafasi moja tu. Saa nne angekuja kutazama. Asipoona somo la maana, watoto warudi ndani kuimba herufi, na habari ya kufundishia nje iishie hapo.

Mpango wenyewe haukuwa na makuu. Kila mtoto angelaza jani juu ya karatasi ya bluu na kuiacha juani. Rangi ingepauka, na chini ya jani libaki umbo lake. Karatasi zilikuwa zile za bei rahisi zisizostahimili jua hata asubuhi moja. Alishazijaribu nyumbani mara mbili.

Saa mbili akawaambia, "Haya, chukueni karatasi zenu mkazianike." Kisha akainama kumfunga mmoja kamba za viatu, na mwingine, na mwingine, maana kamba za viatu vya chekechea hazina mwisho. Alipoinua kichwa, darasa zima lilikuwa bombani, mikono ya mashati imelowa, wanafikicha karatasi.

"Mnafanya nini?"

"Tunafua," akajibu binti wa miaka mitano ambaye shule nzima ilimwita Wakili, kwa kuwa hajawahi kushindwa ubishi. "Umesema tuanike. Mama huwa anafua kwanza. Kitu kikavu unakianika cha nini?"

Neno lilikuwa la mwalimu mwenyewe. Karatasi nyingine hakuwa nayo, rangi ilikuwa inatiririka mferejini, na saa nne haikuwa mbali. Alitamani kulia, na si kidogo. Akapiga moyo konde.

"Sawa. Nusu yenu wekeni zenu juani. Nusu wekeni hapa barazani, kivulini. Tuone zipi zitawahi kukauka."

"Za juani," akasema Wakili.

"Maji yake yataenda wapi?"

Wakili akafungua mdomo, akaufunga. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Basi chuchumaa uangalie," akasema mwalimu.

Mwalimu Mkuu alipofika, alisimama barazani, viatu vyake vikiwa mbali na vumbi. Mbele yake watoto ishirini wenye mikono ya bluu walikuwa wamekodolea macho karatasi, kimya.

"Hawa wanasoma nini?"

Mwalimu alikuwa na maelezo tele, akayameza. Kama somo lipo, watalisema wenyewe.

Wakili akaja na karatasi mbili. Moja, ya juani, ilikuwa inakwaruza kwa ukavu. Ile iliyolowa akamkabidhi mkubwa wa shule. "Shika hiyo, Mwalimu Mkuu. Ya kivulini. Bado."

"Na maji ya hiyo kavu yako wapi?"

"Jua limeyachukua. Yamepanda juu, ila hayaonekani."

"Haya ya kwangu je, yataondoka lini?"

Wakili akamtazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani. "Ukitoka hapo."

Mwalimu akafumba macho. Kazi imeharibika, aliwaza. Kisha akasikia visigino vikishuka ngazi, kimoja kimoja, mpaka vumbini. Alipofumbua, Mwalimu Mkuu alikuwa amechuchumaa juani, rangi ya bluu inamchuruzika vidoleni.

"Nisogezeeni nafasi," akasema, "sioni vizuri."