Herufi Elfu Moja

Obed Mrema hakuwahi kumiliki kitu kidogo. Chumba chake cha kupanga pale Karatu mjini alikiita nyumba, na kila akienda kwao Moshi alisema anasafiri kikazi. Siku alipopelekwa Rhotia kwa Mzee Hhando, baba wa mchumba wake Bernadina, alijitambulisha kuwa yeye ni mkuu wa mfumo wa kompyuta. Uongo mtupu. Obed alikuwa anaingiza majina ya wageni katika kampuni ya utalii ya Mama Ndeshi. Lakini mzee alishasema binti yake haolewi na mtu wa kubonyezabonyeza, sasa afanyeje? Ilibidi cheo akipate kweli, kabla ya Jumapili ya kujadili mahari.

Bahati ikamwangukia. Fundi wa kompyuta kubwa ya ofisi, ile ya maandishi ya kijani inayobeba mahesabu na wageni wote, aliacha kazi akahamia Arusha.

"Anayetaka nafasi yake aniongezee kitu kimoja," alisema Mama Ndeshi. "Kila karatasi ya dereva ya kuchukulia wageni itoke na jina la aliyeitayarisha. Nimechoka kuuliza nani kakosea."

Jina hilo mashine inalijua yenyewe. Ndani yake kuna programu za mfumo, wenyewe wanaziita API, kazi yao ni kujibu zikiulizwa. Unaiita kwa jina lake, unaipa chombo cha kuwekea jibu, unaiambia chombo kinabeba herufi ngapi. Basi, nayo inamimina jina na taarifa nyingine zinazolifuata mpaka hapo uliposema, haichungulii kama umesema kweli. Kitabu cha mafunzo kilionya hivyo kwa wino mzito, tena kikasihi mtu ajaribu pembeni kwanza. Obed alisoma kurasa za mwanzo akaona zinamchelewesha.

Chombo alichotengeneza kilibeba herufi hamsini. Pa kutaja ukubwa, mkono ukasita. Hamsini? Mtu mzima na ndevu zake aandike hamsini? Akaandika elfu moja. Programu akaiingiza moja kwa moja kazini, kisha akampigia Bernadina kumwambia awaandae wazee.

Asubuhi jina lilitoka safi kabisa chini ya kila karatasi. Ila lile jibu lilifurika, likamwagikia jirani, mahali mashine ilipotunza majina ya hoteli. Palipotakiwa kusomeka wageni wamelala wapi, kulikuwa na herufi zisizo na kichwa wala miguu. Fabian, dereva mkongwe, alizunguka ukingo mzima wa kreta ya wanyama kwenye ukungu, hoteli hadi hoteli, akiulizia familia ya Wajerumani kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Alipowapata jua lilishapanda, simba wamejilalia zao, na Wajerumani hawasemeki.

"Nani katayarisha hii?" aliuliza Mama Ndeshi, na jina analiona.

Obed akajaribu kuusingizia mfumo. Mama akamkalisha aeleze hatua kwa hatua, mpaka wakafika kwenye chombo.

"Uliiambia kinabeba ngapi?"

"Elfu moja, mama."

"Na kinabeba ngapi?"

Obed akatazama viatu vyake. "Hamsini."

"Sisi tumeshakuzoea, ukisema tunapunguza. Mashine haikujui, ikakuamini. Rudi kwenye kiti chako." Nafasi akampa mtu mwingine siku hiyohiyo. Kweli mdomo huponza kichwa, na Obed alirudi kuandika majina huku ameumia sana.

Jumapili akaenda Rhotia na baba yake mdogo wa kumsemea. Mzee Hhando alimpokea kwa mikono miwili, akampa kiti chenye mto.

"Karibu, mkuu wa mfumo. Wazee walikuwa na hesabu yao ya kawaida," alisema, "lakini tukaona tusikuvunjie heshima. Mkuu hawezi kutoa ng'ombe wa karani." Akataja idadi. Baba mdogo akakohoa.

Obed akafungua mdomo aseme ukweli. Bernadina alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama kwa fahari, na mashangazi zake wote nyuma yake.

Baba mdogo akamkanyaga mguu chini ya meza, kumhimiza aseme.

"Ni sawa, baba," akasema Obed. "Mbona wachache."