Titi la Mtama

Kitinda alimdaka mama yake pale getini pa kiwanda cha sabuni, mlinzi hajamaliza hata salamu, akamvuta kando penye maboksi matupu.

"Shikamoo, mama. Hicho kikapu nipe mimi, kitakaa mapokezi."

"Marahaba. Kwani kikapu kimekukosea nini?"

Jamani, kikapu hakikuwa kimemkosea mtu. Kilichomo ndani ndicho kilichomnyima Kitinda usingizi tangu mama yake aalikwe. Kilijaa matiti. Ndiyo, umesikia sawasawa: matiti ya kitambaa cha pamba, yameshonwa kwa mkono na kujazwa mtama, makubwa kwa madogo. Mama mtu alikatwa titi la kushoto kwa saratani, Kitinda akiwa bado shule ya msingi. Mumewe akafunga safari fupi ya kikazi ambayo mpaka leo hajarudi. Mama akabaki na watoto, na kovu, na kipande cha sponji alichopewa na jirani akiweke ndani ya sidiria. Sponji lenyewe kila akiinama kufua linampanda mpaka begani! Akakaa, akafikiri, akashona lake la mtama, maana mtama una uzito, ukiuweka mahali unatulia. Akamshonea na mwenzake wa wodini, huyo akamwambia mwingine, na haukupita muda wanawake wakawa wanabisha hodi kwake wamejikunyata na kutoka wamenyoosha mabega. Watu wakamwita Mama Mtama, naye akaitika.

Sasa mdomo wake! Mama Mtama hana pazia. Popote anapoalikwa lazima asimulie ile habari ya siku alipolifua titi lake bila kuumwaga mtama, akaliacha ndani ya beseni uani, akaenda msibani siku kadhaa, kurudi akakuta limeota. "Limeota majani, wanangu! Mimi ndiye mwanamke wa kwanza duniani kupalilia titi!" Hapo huingiza mkono kifuani, akalichomoa, akalipunga hewani watu wote walione. Watu wanavunjika mbavu. Shuleni wenzake Kitinda walimpachika jina la Shamba, na jina hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki hata alipokuwa mtu mzima na kazi yake ya mapokezi.

Aliyemwalika mama alikuwa meneja wa kike. Wafanyakazi walimwita Chuma, kwa kuwa hapindiki. Mwaka ule alipotea miezi kadhaa kwa likizo ya ugonjwa, akarudi amekonda, anavaa makoti mapana hata kwenye joto, na kila aendako amekumbatia mkoba kifuani kama mtu anayepita penye wezi. Nani angethubutu kuuliza? Siku moja alisimama mbele ya meza ya Kitinda, macho ukutani, akasema, "Siku yetu ya kuwaenzi wanawake, nataka mama yako aje. Nimesikia habari zake." Mtu mwenye macho angeelewa papo hapo. Kitinda aliona mkoba na koti, asione kitu, kwa sababu moyoni alikuwa na neno moja tu: Shamba.

"Mama, nakuomba," alisema sasa kwa sauti ya chini. "Hawa ni wenzangu wa kazi. Zungumza mambo ya kujituma, ya subira, basi. Usitoe hicho kitu. Na ile habari ya kuota, chonde chonde."

"Unanionea haya, Kitinda?"

Angesema hapana. Neno dogo tu lile. Badala yake alitazama viatu vyake.

"Haya," alisema mama, akamkabidhi kikapu. "Kazini ni kwako, si kwangu."

Wakaingia kantini, ambako wanawake wa kufungasha sabuni walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi, aproni zao bado viunoni. Mama Mtama alisimama, akazungumza kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika. Wanawake tujitume. Tusikate tamaa. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mara mbili mkono wake ulipanda kifuani wenyewe, kwa mazoea, na mara mbili aliushusha akimtupia binti yake jicho. Mabenchini watu walianza kupiga miayo. Chuma peke yake, mstari wa mbele, alikuwa ameinama kwa kusikiliza, mkoba kifuani, akingoja.

Hotuba ilipokwisha akauliza, na sauti haikuwa na chuma hata chembe: "Mama, na ile... mtu akishatoka hospitali. Akishakatwa. Anafanyaje?"

Mama Mtama alimtazama Kitinda kwanza. Kisha akasema taratibu, "Hayo tutayazungumza siku nyingine, mkuu."

Chuma akaitikia kwa kichwa. Akaubana mkoba zaidi, upande uleule wa kushoto anaoubana siku zote, akainuka afunge mkutano.

Hapo ndipo Kitinda alipoona. Aibu ilimpanda mwili mzima, na safari hii haikuwa ya kumwonea mama. Mama wa watu alikuja na dawa kikapuni, yeye akaificha chini ya meza ya mapokezi ili wenzake wasimcheke!

Alitoka mbio, akarudi na kikapu.

"Ngojeni! Tafadhali, ngojeni kidogo."

Macho yote yakamgeukia. Alitoa titi moja, na hakuwahi kulishika hata siku moja maishani mwake. Lilikuwa zito, likajilaza kiganjani. Akajikaza kisabuni.

"Mama hajawaambia ukweli, na mimi ndiye niliyemziba mdomo. Nilimwonea haya. Hili ni titi la mtama. Hata yeye analo, upande wa kushoto. Siku moja alilifua, akaenda msibani... hapana, alilifua bila kuumwaga mtama kwanza, halafu ndiyo akaenda msibani. Akarudi... likawa limeota."

Alisimulia vibaya mno, hata mlinzi angesimulia vizuri zaidi.

"Limeota majani," aliongeza, akitaka kulia.

Mbele pakatoka sauti. Chuma alikuwa anacheka. Alicheka mdomo wazi, machozi yanamtiririka, mkoba ukamponyoka ukaanguka sakafuni, na koti likaonekana limelala bapa upande wa kushoto. Hakuuokota. Mabenchi yote yakaangua kicheko, na wengine wakalia humohumo.

"Lete nilishike," alisema Chuma. Akalipima mkononi. "Na likigusa kovu, haliumi? Kovu lenyewe linaacha kuuma lini?"

Miaka yote nyumba moja, kila mama aliposhika sindano Kitinda aligeuza uso.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kumuuliza." Akamgeukia mama yake mbele ya watu wote. "Mama, linauma?"

Mama Mtama alimgeukia binti yake.

"Siku za baridi, mwanangu. Zile asubuhi ulizokuwa unanikuta nimekaa naota moto jikoni, ukaniita mvivu."