Kizazi cha Bwana Harusi

Mkono wangu ulikuwa umezama hadi begani ndani ya ng'ombe wa shangazi, nikitafuta kwato. Sikuzipata. Nilichoshika kilikuwa laini, cha moto, tena kinadunda. Ulikuwa moyo, uko wazi kiganjani mwangu, hauna kifua cha kuuficha.

Shangazi, dada yake baba, alishika kamba huku akinisoma uso. Ilikuwa saa tano asubuhi, na jua lilipenya matundu ya bati likamwaga vidoa mgongoni mwa mnyama. Aliniuliza kama ndama yu hai. Nikamwambia yu hai. Akashusha pumzi, akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonimaliza, maana nilishajua kilichomo humo ndani: uti wa mgongo umepinda kinyumenyume hadi kichwa kikagusa mkia, tumbo halikufunga, matumbo yanaelea nje. Kiumbe kama hicho hakizaliwi. Hutolewa vipande vipande.

Nilijua kwa sababu hakuwa wa kwanza.

Wa kwanza nilimtoa kwa mwalimu mkuu. Wa pili kwa fundi cherehani wa njia panda. Wote wawili waliumbika vile vile, na wote walikuwa watoto wa dume la baba. Watu walilibatiza Bwana Harusi kwa jinsi lilivyotembea polepole, kama linajua linatazamwa. Miaka minane lilipanda majike ya jirani zetu, kisha mabinti zake lenyewe, kisha wajukuu. Baba alikuwa karani mstaafu, na heshima yote iliyombakia ilikuwa dume lile. Watu hata salamu walianza kwa kumuulizia Bwana Harusi.

Baada ya yule wa pili nilimwendea baba. Nilimweleza taratibu kwamba damu imejirudia mno, kwamba dume lihasiwe au lichinjwe. Alinisikiliza huku akilisugua shingo kwa brashi. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Daktari ni wewe, sawa. Lakini hapa kwangu wewe ni mwanangu."

Nikameza maneno yangu. Fundi cherehani aliponiuliza ng'ombe wake alisibiwa na nini, nilimwambia ni mambo ya Mungu. Wakati huo ng'ombe wa shangazi, wa pekee aliyekuwa naye, alikuwa na mimba ya miezi saba ya dume lile lile. Kila Jumapili nilipita pale kunywa chai, nikalitazama tumbo lile likikua, nikajiambia huenda huyu atakuwa mzima.

Sasa ilibidi nimweleze shangazi kwamba ndama yule hawezi kuzaliwa. Aliifunga kamba kwenye nguzo, akakunja mikono ya gauni. Nilimdunga ng'ombe sindano ya ganzi, nikapitisha waya wa kukatia. Kwanza niliunyamazisha ule moyo. Jinsi nilivyofanya sijapata kumwambia mtu. Hapakuwa na mwingine wa kuvuta waya, kwa hiyo aliuvuta shangazi, mbele na nyuma, mimi nikiuongoza kwa vidole huko ndani. Kulisikika tu mkwaruzo wa waya kwenye mfupa.

Kipande cha mwisho kilipotoka, kilifuatwa na damu nyekundu mbichi. Kizazi kilikuwa kimechanika. Saa tisa alasiri ng'ombe alilaza kichwa chini, hakukiinua tena.

Shangazi alileta ndoo ya maji ya moto na sabuni, akaniosha mikono mwenyewe, hadi begani, kama nilipokuwa mdogo.

"Yule wa fundi cherehani naye alikuwa hivi?"

"Ndiyo."

"Kaka yangu ulimwambia?"

"Nilimwambia, shangazi."

Alinimwagia maji ya mwisho. "Na mimi?"

Alinipa taulo.

Jioni ile ile nilipita nyumba kwa nyumba, kila penye ng'ombe mwenye mimba, nikasema ukweli, na jina la mwenye dume nikalitaja. Wiki haikuisha kabla baba hajaliswaga mwenyewe hadi machinjioni. Kwa karibu mwaka mzima hakuitikia salamu yangu; siku moja akaitikia, na hatukuligusa tena jambo lile.

Shangazi hakunigombeza hata mara moja. Bado ananimiminia chai, ananiulizia watoto. Siku hizi anafuga mbuzi, na mbuzi wake akilemewa na uzazi, humpigia simu daktari wa ng'ambo ya mto.