Mwalimu Aliyejifanya Hayupo

Idara nzima ilibakiza mtu mmoja wa kunisimamia, na mtu huyo alikuwa amejifungia ofisini akijifanya hayupo.

Wengine walishanipiga danadana hadi nikachoka. Mmoja wanafunzi wamemjaa, mwingine anasafiri, wa tatu alilisifu wazo langu kwa maneno matamu kisha akala kona. Mwisho wa kusajili mada za mradi wa kuhitimu sayansi ya kompyuta ulikuwa jioni ile ile. Asiye na msimamizi, nafasi yake inapotea.

Wazo lenyewe lilikuwa baba. Baba alikuwa dalali wa mnada, mtu wa kukuuzia kabati bovu ukaondoka unacheka. Kiharusi kikamchukulia ulimi. Siku hizi akisema "maji" tunamletea miwani, na akikasirika tunamwongezea kofia. Nilitaka kutengeneza programu ijifunze sauti yake, ili aongee, nayo iandike alichokusudia. Kila alasiri alikaa mbele ya simu yangu akirudia maneno hadi jasho likamtoka. Sauti nilikuwa nazo tele. Nilichokosa ni zile mashine kubwa za idara za kuifundishia programu, na hizo huwezi kuzigusa bila mada inayozihitaji, iliyosainiwa na msimamizi.

Nikagonga tena, kwa hasira sasa.

"Hodi!"

"Karibu!" sauti ikajibu kutoka ndani, kisha kikafuata kimya cha mtu aliyejiuma ulimi. Malezi mazuri yalimponza. Nikafungua haraka kabla hajajirudi.

Wanafunzi tulimwita Mzee wa Maktaba, maana kila aliyesimamiwa naye alihitimu na mfumo wa kompyuta wa kuazimisha vitabu. Nilimkuta taa kazima, viatu kavua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Nilikuwa ndio natoka."

Nilijitia sikuviona viatu. Nikamweleza habari yote, nikamsikilizisha sauti ya baba. Alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Anasema nini hapo?"

"Anasema, 'Nisaidie kukaa.'"

"Maskini." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Nikwambie ukweli? Haya mambo ya kompyuta kujifunza yenyewe, mimi siyajui. Siku ya kutetea kazi yako jopo litakuuliza wewe, halafu litanigeukia mimi. Nimebakiza kidogo nistaafu. Unataka nikachekwe na jopo la watoto niliowafundisha mwenyewe?"

"Tutasoma pamoja, mwalimu. Mimi nitakuonyesha."

"Wewe unifundishe mimi?"

"Hapa hapa, mlango ukiwa umefungwa. Nani atajua?"

Alitaka. Naapa niliona alitaka, hata kalamu aliishika. Akairudia ile sauti ya baba mara moja tena, polepole, sikio karibu na simu. Kisha akaiweka simu mezani na kuisukuma upande wangu.

"Chukua maktaba," akasema. "Nasaini sasa hivi. Utahitimu vizuri tu, na mzee atafurahi."

"Na mashine je?"

"Mashine za nini? Kwa maktaba, kompyuta yako ya nyumbani inatosha."

Hasira ilinipanda hadi masikio yakaziba. Nilitamani nimrushie viatu vyake. Lakini huko nje sikuwa na mlango mwingine wa kugonga, naye alilijua hilo, na alinionea huruma ya kweli. Huruma yake ndiyo iliyoniudhi kuliko yote. Nikasema sawa. Akasaini haraka haraka, akanitakia kila la heri, akanisindikiza mlangoni kwa soksi. Nilipofika kwenye ngazi nikasikia anafunga kwa ufunguo.

Nyumbani, baba alikuwa ameshakaa mezani. Amenyoa ndevu, amejifuta mdomo, anangoja niweke simu tuanze kazi. Sikuiweka. Akanitazama uso, akanitazama mikono. Kisha akasema kitu kimoja, kimevunjikavunjika, kwa jitihada ya mtu anayesukuma gari lililozimika.

"Amekubali?"

Nilimwelewa pale pale, silabi kwa silabi. Mtu mwingine yeyote asingeambulia kitu.

"Rudia, baba," nikamwambia. "Sijakupata."

Akavuta pumzi, akarudia, safari hii vizuri zaidi.