Chachu Haitupwi

Kabla hajastaafu, mwoka mikate huyu alisifika mtaani kwa vitu viwili: mkate wake na uongo wake. Mkate uliisha asubuhi mapema, uongo ulidumu hadi jioni. Watu walimbandika jina la Mzee Chachu, naye akalivaa kama kofia mpya.

Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, mkewe. Tangu siku za uchumba, kazi ya mama huyu ilikuwa kumkata kauli. Mzee akisimulia jinsi chachu ilivyofura ikabeba kifuniko, ikasukuma mlango wa duka, ikatoka barabarani na paka amelala juu yake fofofo, mkewe husema bila hata kuinua macho kwenye chekecheke: "Mwongo mkubwa wewe! Mlango upi? Sisi tulikuwa na pazia." Hapo wateja huangua kicheko, na mzee huongeza chumvi. Uongo usio na wa kuukanusha, husema, ni unga usio na maji, utaukandaje?

Sasa mama huyo alikuwa amelazwa, kitanda cha dirishani. Utumbo ulijifunga, wakampasua, wakakata kipande, na kilichobaki kikagoma kupokea chakula. Ikabidi alishwe kwa mpira mwembamba uliotumbukia chini ya mtulinga, ukapita ndani ya mshipa mkubwa hadi jirani na moyo. Juu yake ulining'inia mfuko mweupe kama maziwa. Mzee aliupenda mpira ule kuliko wakwe zake wote. Kwa ajili yake, mashavu ya mkewe yalianza kurudi.

Kisha ikaja homa. Ikapanda, ikashuka, ikapanda tena kama mtu aliyesahau kitu ghorofani. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akamwita mzee pamoja na binti yake kitinda mimba, fundi cherehani, kwenye chumba kidogo kilichojaa maboksi ya glovu.

"Baba, damu ya mama imeotesha fangasi. Wanaitwa kandida. Kwa lugha nyepesi, ni jamii ya hamira."

Mzee akacheka hadi akashika ukuta. "Hamira! Mwanangu, si ungesema mapema? Umetutia kiwewe bure! Hamira mimi nimelala nayo chumba kimoja kabla sijaota ndevu."

"Baba!" binti yake akamkanya.

"Si ile ya mkate, baba," daktari akasema. "Ni binamu yake, na tabia zao mbalimbali. Huyu hukaa mdomoni na tumboni mwa watu, kimya, hana neno. Lakini mama amekatwa utumbo, na dawa za bakteria zimefyeka majirani wote waliokuwa wakimbana. Halafu akaukuta huo mpira. Akiupanda, anajijengea utando, kama ule utelezi wa ndani ya mtungi. Anajificha humo na watoto na wajukuu. Dawa inaua waliotoka nje. Wa ndani wanangoja tu, ikipungua wanamwagika tena kwenye damu. Nashauri tuutoe leo."

"Atakula nini?"

Daktari akashusha pumzi. "Hapo ndipo penye kazi. Mishipa mingine imenyauka. Itabidi akae na njaa siku kadhaa, kisha tujaribu upande wa pili."

Wakaenda kumwuliza mwenyewe. Mama akafumbua jicho moja. "Mambo ya hamira mnaniuliza mimi? Mwulizeni mwoka mikate."

Sasa, katika uokaji kuna sheria ambayo mzee aliirithi kwa baba yake: chachu haitupwi. Hori la mbao la kukandia haliguswi na sabuni. Hukwanguliwa tu, na donge la jana lililojibana kwenye nyufa ndilo linaloumua mkate wa kesho. Kinacholisha hakitupwi. Mwanaume aliyeishi kwa sheria hiyo maisha yake yote angewezaje kusema ng'oeni mpira unaomlisha mke wangu?

"Mpeni dawa kwanza," akasema. "Hamira ina adabu yake, inataka kubembelezwa. Acheni anenepe kidogo, ndipo mtoe."

"Baba, tumsikilize daktari," binti akasihi.

"Daktari amesema hamira. Katika hiyo, mimi ndiye daktari."

Dawa ikaanza. Homa ikashuka, na mzee akatamba wodini kama jogoo aliyetaga. Akawasimulia wagonjwa habari za ile chachu iliyotoka barabarani, safari hii ikasimamisha magari mpaka polisi akaipulizia filimbi. Kutoka kitanda cha dirishani ikaja sauti nyembamba: "Mwongo mkubwa wewe. Mtaa wetu magari yangetoka wapi, na yale mashimo?" Wodi nzima ikacheka. Mzee akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Homa iliporudi, ilirudi na nguo zake zote. Mama alitetemeka hadi chuma cha kitanda kikalia. Wakabadilisha dawa, haikufua dafu. Maabara wakajibu kwamba fangasi wale ni sugu: dawa ya kwanza wamekwisha kuizoea, na ya pili wanaicheka. Mpira ukatolewa siku hiyohiyo, na safari hii mzee hakuulizwa wala hakutaka kuulizwa.

Aliomba tu kuuona. Nesi akamvisha glovu. Mzee akapitisha kidole kwenye ncha, taratibu, kama anayepima donge. Palikuwa na utelezi mweupe, mwembamba. Mkono ukaujua kabla kichwa hakijakubali.

Kuna mwaka chachu yake iliharibika, mkate ukatoka mchungu. Alilimwagia hori maji ya moto, akalisugua kwa chumvi na siki, akalianika juani mpaka likapasuka. Mkate wa kwanza ukatoka mtamu, akashukuru Mungu. Uliofuata ukawa mchungu vilevile. Uharibifu ulikuwa ndani ya mbao. Mwishowe akalipasua hori la baba yake kwa shoka, akalichoma uani. Kisa hicho hakuwahi kumsimulia mteja yeyote, maana kilikuwa cha kweli.

"Basi mmeshautoa," akamwambia daktari. "Wamekwisha."

"Tumeutoa, baba. Lakini picha ya moyo inaonyesha wamehamia kwenye vali, kile kilango cha ndani ya moyo. Wamejenga humo."

"Kilango hakitoki?"

"Kwa kupasua kifua. Mama hataweza. Na dawa tulizo nazo hapa, hakuna iliyobaki ambayo hawajaizoea."

"Mimi nililichoma hori," mzee akasema.

Daktari akadhani hakusikia vizuri. Binti, aliyeukumbuka moshi ule tangu utoto, akageukia maboksi ya glovu na kuziba mdomo kwa kitenge.

Saa ya kutazama wagonjwa, mzee akaketi pale dirishani. Mkono wa mkewe ulikuwa wa moto kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Hakujua la kumwambia, basi akashika njia anayoijua.

"Unakumbuka ile siku chachu ilipofura, ikasukuma mlango?"

"Nakumbuka," mama akasema.

Mzee akasogeza kiti karibu. Akaongeza chumvi. "Ikaung'oa na bawaba zake."

"Ndiyo. Uling'oka."

"Paka yuko juu, anakoroma, na polisi anapiga saluti!"

"Nilimwona, mume wangu."

Mzee akamwinamia sikioni. "Pazia, mama watoto. Tulikuwa na pazia. Hebu sema."

"Kama unavyosema wewe," akajibu kwa upole, na macho yakafumba.

Nesi akapita akiwaambia wageni muda umekwisha. Viti vikaburutwa, watu wakaagana. Mzee hakuinuka.

"Mwongo mkubwa wewe," akajisemea, akijaribu kuiiga sauti ya mkewe. "Mlango upi?"

Wodini hakucheka mtu.